Gari linagonga mbele? Usikimbilie kununua shokapu

Ukiingia gereji ukasema gari linagonga mbele, mara nyingi utaambiwa shokapu zimekufa. Unanunua mbili, zinafungwa, unavuka rasta za kwanza: ko-ko-ko, mlio uleule. Shokapu iliyokufa kwa kawaida haigongi, inayumbisha. Gari linanesanesa baada ya tuta, pua inazama ukikanyaga breki, tairi inalika kwa mabaka. Mlio wenyewe mara nyingi hutoka kwenye viungo vinavyoizunguka.

Maelezo haya ni ya magari yenye mguu wa mbele wa MacPherson, yaani springi imevikwa kwenye shokapu vikawa mguu mmoja, kama IST, Vitz, Probox, Noah na RAV4.

Kabla ya kushika spana, sikiliza linagonga wakati gani. Mlio mwepesi wa harakaharaka kwenye rasta na vishimo vidogo, anza na stabilaiza linki, kile kifimbo chenye kiungo kila ncha kinachoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona. Dundo moja zito ukikanyaga breki, na jingine ukianza kurudi nyuma, tazama bushi ya mpira iliyo nyuma ya wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika mguu wa tairi. Ka-ka-ka kwenye kona kali huku unakanyaga mafuta ni sivijointi, kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Na kama springi inaruka kwa kishindo ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, shuku beringi ya maunti ya juu, kile kishikizo kinachofunga kichwa cha shokapu kwenye bodi. Weka kiganja nje ya springi, usiingize vidole katikati ya mizunguko, mwenzako azungushe usukani taratibu. Springi nzima inatakiwa izunguke laini. Ukihisi inajikaza, inajikaza, halafu inaachia ghafla, beringi imeshika.

Linki zina kipimo rahisi kuliko vyote: zitoe zote mbili, kulia na kushoto, uendeshe taratibu barabara ileile. Mlio ukipotea, umempata mwizi kwa gharama ya kufungua nati nne. Kona uziendee polepole sana, maana bila linki gari hulala zaidi.

Kwa boljointi, kile kiungo cha duara kati ya wishiboni na mguu wa tairi, piga jeki kwenye bodi, weka stendi, tairi ining'inie. Usipige jeki chini ya wishiboni: uzito utaibana boljointi na uchezaji hautauona, ndipo fundi anasema "hii nzima" wakati imekwisha. Shika tairi juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwenzako akanyage breki, utikise tena. Uchezaji ukipotea, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Uchezaji hapo ni tairodi endi, kiungo cha nje cha fimbo ya usukani, au kiungo cha ndani kwenye raki, chombo kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi. Ubonyeze mpira wa raki kwa vidole wakati tairi inatikiswa, kiungo cha ndani kilicholegea utakihisi kikigonga mkononi. Wapo wanaokaza ile nati ya kurekebisha raki ili kunyamazisha mlio. Ikizidi, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na hilo ni hatari kuliko mlio.

Sasa bushi za wishiboni, mahali ambapo pesa nyingi hupotea bure. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti yake. Bolti ikikazwa hubana bomba la ndani, na mpira ulioshikamana nalo hujisokota kila mguu unapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti tairi ikining'inia, gari likishuka chini mpira unakuwa umeshasokotwa kabla hata ya kufika kwenye shimo. Tuta likija unasokotwa zaidi, na ndani ya miezi michache umechanika. Lawama anabebeshwa muuza spea. Fanya hivi: ingiza bolti zote, zikaze kidogo tu, teremsha gari likanyage chini kwa tairi zake, lisukume mbele na nyuma, libonyeze mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama hakuna nafasi ya kuingia chini, tumia shimo la gereji. Na usipake grisi wala oili chafu kwenye mpira, huulainisha ukaoza. Maji ya sabuni yanatosha kuteleza.

Kama kweli shokapu zimekufa, yaani zimelowa oili inayotiririka, si vumbi lenye unyevu tu, badilisha mbili kwa pamoja. Simamisha mpya wima, uisukume na kuivuta mara nne au tano kutoa hewa. Nati ya juu isiguswe kabla springi haijabanwa kwa vibano viwili vinavyotazamana. Springi ikifyatuka inaua. Fimbo ya shokapu ile inayong'aa usiishike kwa plaizi, mkwaruzo mmoja unakata sili na oili itaanza kuvuja.

Ukibadilisha tairodi endi, wishiboni au shokapu, peleka gari kwenye alaimenti, kupanga mwelekeo wa tairi, baada ya kujaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Ukibadilisha linki peke yake, alaimenti haihitajiki.