Ambulensi ya Cadillac ya 1959: injini imekwama, bodi nzima ipo. Ninunue?

Injini isikutishe, ndugu. V8 hiyo ilifungwa pia kwenye Cadillac za kawaida, spea zipo. Toa plagi, mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila silinda, acha siku kadhaa, kisha izungushe kwa spana, si kwa stata.

Kazi iko nyuma. Cadillac ilitoa chesi na sehemu ya mbele. Paa, milango ya nyuma na vioo vyake viliundwa na watengeneza bodi kama Miller-Meteor, kwa idadi ndogo. Kioo kikikosekana, hapo umeumia. Ingia uvunguni, dunga kwa bisibisi sakafu karibu na mlango wa machela, maji hutuama hapo. Ikizama, shusha bei au achana nayo.