Nyoka wa Mtakatifu Dominiko mjini Cocullo

Ndugu, umeuliza iwapo ni kweli kwamba upo mji nchini Italia ambako sanamu ya mtakatifu huvishwa nyoka hai, na iwapo nyoka hao wana sumu. Ni kweli, na sumu hawana. Mji wenyewe ni Cocullo, katika milima ya Abruzzo, na sherehe ya msimamizi wake, Mtakatifu Dominiko wa Sora, aliyefariki mwaka 1031 (usimchanganye na mwanzilishi wa shirika la Wadominikani), hufanyika tarehe 1 Mei. Wakamataji, waitwao serpari, huanza kuwasaka nyoka mwishoni mwa Machi, na sherehe ikiisha huwarudisha porini. Sanamu inapotolewa kanisani hurundikiwa nyoka, nao hujisokota shingoni na usoni mwa mtakatifu huku maandamano yakipita katika vichochoro vyembamba. Mimi hunivutia zaidi jambo dogo la ndani ya kanisa: waumini huiuma kamba ya kengele na kuivuta kwa meno, wakiomba wakingwe na maumivu ya meno, kwa kuwa jino la mtakatifu huyo limehifadhiwa humo. Wengine huchota udongo wa kanisani wakaunyunyize mashambani mwao.