Maswali na Majibu: Giaboksi ya Kombi ya Zamani

Majibu haya ni ya Volkswagen Kombi T2 za 1968 hadi 1979 zilizogeuzwa kuwa gari la kulala safarini.

Gia zote zinakwaruza, rivasi zaidi. Nishushe giaboksi?

Usishushe bado. Zima injini, jaribu kuingiza gia. Zikiingia laini, klachi ndiyo haiachii sawasawa, na rivasi huumia zaidi kwa kuwa haina sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Rekebisha nati ya kipepeo mwishoni mwa kebo ya klachi, ubakishe mchezo (mwendo mtupu) wa milimita 10 hadi 20 kwenye pedali.

Inakwaruza gia ya pili tu, ninaposhuka kutoka ya tatu.

Hiyo ni ringi ya sinkronaiza. Kuhakikisha, kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena ndipo uingize ya pili. Ikikubali kimya, ringi imekwisha. Unaweza kuendesha hivyo kwa muda, ila usiilazimishe gia kuingia: meno yake madogo yakilika, ringi mpya peke yake haitafaa kitu. Giaboksi ikifunguliwa, kandamiza ringi kwenye koni ya gia, pima pengo kati yao kwa filagegi (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Likiwa chini ya milimita 0.6, badilisha. Weka na sili mpya papo hapo, kwani kazi nzito ni kushusha na kufungua.

Oili gani, kiasi gani?

80W-90 (uzito wa oili) ya GL-4 (daraja la oili ya giaboksi), takriban lita 3.5. GL-5 tunaikataa: kemikali zake kali zinaweza kula shaba ya ringi. Mwaga oili ikiwa na joto, lakini anza kwa kulegeza nati ya kujazia, kwa aleni ya milimita 17. Ukimwaga kwanza kisha nati hiyo ikagoma, umekwama na giaboksi tupu. Tazama iliyotoka: unga wa kijivu ni kawaida, chembe za rangi ya dhahabu zimetoka kwenye ringi, vipande vya chuma maana yake usiendeshe tena. Jaza gari likiwa limelala sawa, hadi oili ichuruzike tundu la kujazia.

Gia ya nne inachomoka nikiachia mafuta.

Kagua kwanza bushi za ule mtaimbo mrefu unaotoka kwenye mkono wa gia hadi nyuma, na raba zinazoshikilia giaboksi. Vikilegea, gia haizami yote. Vikiwa vizima, habu (kitovu kinachoshika gia) ya gia ya tatu na nne imelika, hapo fungua.