Zanzibar imo, ila huwezi kuicheza
Wapo wanaosema Pwani ya Afrika Mashariki haijawahi kuingizwa kwenye Civilization, gemu za kompyuta za kujenga na kutawala dola. Si kweli. Civilization VI ya 2016 ina Zanzibar, ila kama mji-dola unaoendeshwa na kompyuta. Ukiupelekea wajumbe wasiopungua watatu, na wawe wengi kuliko wa wapinzani wako, unapata mdalasini na karafuu, ambazo hazioti popote kwenye ramani. Mimi huukimbilia huo kwanza kila ukitokea. Toleo la VII, 2025, likaleta Buganda ya kuchezwa kabisa.

Kinachokosekana ni upepo. Jahazi lilikuja na kaskazi, likarudi na kusi. Kule kwenye gemu chombo cha biashara kinakwenda na kurudi tu, kama daladala.