Reale ya bibi, ndururu ya babu: ipi ina thamani?

Bibi alituachia reale, sarafu ya fedha, yenye mwaka 1780. Kwa umri huo, haiwezi kutujengea nyumba? (Unguja)

Poleni kwa kuondokewa. Mwaka huo usiwadanganye. 1780 ndio aliofariki Maria Theresa wa Austria, mwenye sura iliyo juu yake. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu waliiamini sura ile kuliko nyingine yoyote, basi Vienna, na baadaye Roma, London na Bombay, wakaendelea kuipiga bila kugusa tarehe. Ya bibi huenda ni ya miaka ya 1930. Ina gramu 28 na fedha sehemu 833 kwa 1,000. Kwa kawaida bei yake haiachani mbali na ya fedha kwa sonara.

Nina ndururu (senti tano) yenye tundu, ya 1936, imeandikwa jina la Edward VIII. Ametawala miezi tu. Si adimu hiyo? (Mombasa)

Mfalme huyo aling'atuka Desemba 1936, lakini ndururu na peni (senti kumi) za Afrika Mashariki zenye jina lake zilikuwa zimeshapigwa kwa mamilioni. Ni nyingi mno. Ukiwa nayo inayong'aa kama imetoka kiwandani jana, hapo tuzungumze.

Mbona sarafu za rupia 15 za Tabora zinasifiwa hivyo? (Tabora)

Kwa sababu zina kila kitu. Mwaka 1916 koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa na vita, pesa kutoka Ulaya haziingii. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kupiga sarafu katika karakana ya reli hapo kwenu, zenye tembo aliyeinua mkonga. Zilitoka kama 16,000 tu. Dhahabu yenyewe ina bei, uchache unaongeza, na wakusanyaji wa Ujerumani na wa kwetu wote wanazigombea. Mimi huiona ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizopigwa nchini.

Ila bandia zimejaa. Halisi ina zaidi kidogo ya gramu saba. Ipeleke kwenye mizani ya sonara kabla ya kufungua mkoba.

Rupia yangu ya fedha ilikuwa nyeusi, nikaisugua kwa limau na majivu. Sasa mnunuzi ameshusha bei. Kwa nini? (Tanga)

Dada yangu, inauma. Ule weusi ni ngozi ya sarafu, umekaa juu yake miaka mia. Majivu yanakwaruza, na mkwaruzo haurudi. Zilizobaki ziache zilivyo, zishike ukingoni, kila moja katika karatasi yake.

Dalali anasema rupia yangu ni mamilioni, nitume kwanza pesa ya "usajili". (Morogoro)

Usitume hata shilingi. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.