Maswali ya Wasomaji: Bibi Andrews na Sehemu Isiyopakwa Rangi

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu kimoja cha historia ya sanaa nimeona picha ya mume na mke wa Kiingereza walio chini ya mti mkubwa. Mume amesimama na bunduki na mbwa wake, na mke ameketi kwenye benchi akiwa amevaa gauni la buluu. Mapajani mwa yule mama pana sehemu isiyopakwa rangi kabisa. Je, picha iliharibika, au mchoraji aliiacha hivyo? Na mama huyo alikuwa nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, picha hiyo ilichorwa na Thomas Gainsborough kwa rangi za mafuta juu ya turubai, mnamo mwaka 1750 hivi, na sasa imo katika jumba la National Gallery, London. Mama unayemuuliza ni Frances Carter, aliyeolewa na Robert Andrews katika mji wa Sudbury, mashariki mwa Uingereza, mwezi Novemba 1748, akiwa msichana wa miaka kama 16. Hawakuwa malodi. Walikuwa wa tabaka la wenye mashamba, watu walioishi kwa kodi na mazao ya ardhi yao, na ambao kwa kuwa hawakuwa na cheo cha kujivunia waliionyesha ardhi yenyewe. Ndiyo maana upande mzima wa kulia wa picha umeachiwa shamba lao la Auberies, karibu na mpaka wa majimbo ya Essex na Suffolk: miganda ya ngano imesimamishwa, mabua yamefuatana kwa mistari iliyonyooka inayoonyesha kwamba mbegu zilipandwa kwa mashine wala hazikutawanywa kwa mkono, na kondoo wako ndani ya malisho yaliyozungushiwa ua. Mkulima wa leo akiitazama ataelewa mara moja kwamba anaonyeshwa kilimo cha kisasa cha wakati ule.

Gainsborough na Andrews walisoma shule moja pale Sudbury, ingawa mmoja alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa nguo aliyefilisika na mwingine alikuwa mrithi wa mali. Sidhani kama mchoraji aliusahau umbali huo alipomchora mwenzake ameegemea benchi kwa raha namna ile.

Sasa kuhusu mapaja ya Bibi Andrews. Hapakuharibika kitu, mchoraji alipahifadhi kwa ajili ya kitu ambacho hakukichora. Wapo wanaosema pangechorwa ndege aliyepigwa risasi na mumewe, wengine wanataja kitabu au kazi ya mikono, na wengine mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mimi naelemea kwa mtoto. Bunduki ipo, ni kweli, lakini nani angemlaza ndege anayevuja damu juu ya gauni la thamani kama lile? Familia iliyounganisha mali kwa ndoa ilikuwa ikimsubiri mrithi, na mwaka 1752 mchoraji alihamia mji wa Ipswich, kwa hiyo huenda hakupata nafasi ya kurudi kumalizia. Zaidi ya hapo, kwa sheria ya Uingereza ya enzi hizo mali ya mke iliingia mikononi mwa mume, kwa hiyo Frances amekaa katikati ya ardhi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na sauti kubwa juu yake. Huenda hilo ndilo linaloufanya uso wake uonekane mkavu, ingawa nakiri kwamba ni rahisi kumsomea mtu aliyechorwa mambo ambayo hakuyawaza.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimenunua katika soko la vitu vya kale picha ya mafuta ya mwanamke wa Kiingereza mwenye gauni la hariri. Muuzaji hakujua ni nani. Nitaijuaje historia yake?
Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti kati ya mwanamke wako na Bibi Andrews huenda ni moja tu: picha ya Bibi Andrews haikutoka mikononi mwa familia hadi mwaka 1960, ilipouzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa pauni 130,000. Watu wa nje hawakuionyeshwa mpaka mwaka 1927, katika maonyesho ya Ipswich ya kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwa Gainsborough. Picha ambazo ziliuzwa baada ya mirathi au madeni, zikapita kwa wachuuzi, hupoteza jina la mwenyewe upesi sana, kisha hubandikwa jina la mtu mashuhuri ili zipate bei.

Kwa hiyo usianze na uso, igeuze picha. Nyuma ya fremu na kwenye mbao zinazoibana turubai hupatikana vibandiko vya maonyesho, mihuri ya lakiri, na namba zilizopigwa kwa wino mweusi na nyumba za mnada, hasa Christie's, ambazo kumbukumbu zao zinaweza kurejesha tarehe ya mauzo na jina la muuzaji. Usiliamini mno gauni, kwa sababu wanawake wa karne ya 18 walipenda kuchorwa wakiwa na mavazi ya karne iliyotangulia. Pima turubai pia: wachoraji wa Uingereza walitumia vipimo vya kawaida, na picha ya kichwa na mabega mara nyingi ni kama sentimita 76 kwa 63.

Fundi wa kuhifadhi picha akiimulika kwa taa ya urujuanimno (ultraviolet), rangi iliyoongezwa baadaye huonekana nyeusi juu ya vanishi ya zamani inayong'aa kijani. Akikuta nyeupe ya titani katika rangi ya asili, basi picha haikuchorwa kabla ya karne ya 20, hata fremu iwe imeliwa na mchwa kiasi gani. Tafadhali usiisafishe mwenyewe kwa sabuni, kitunguu wala kiazi, kama wengine wanavyoshauri. Maji yakipenya kwenye nyufa huibandua rangi, na vibandiko vya nyuma, ambavyo ndivyo unavyovihitaji, huweza kubanduka pia.