Mbuzi wa ziwa: nilivyoacha kumchinjia asiyekuwa Mwenyezi Mungu

Nilikuwa na miaka 14 nilipomshika mbuzi miguu kwa mara ya kwanza pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikuwa jioni, mwezi umeisha, giza linaingia, na sisi watu wa dagaa tunajua giza ndiyo kazi yenyewe, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa. Baba alikuwa na boti mbili. Kila mwanzo wa msimu aliletwa mzee mmoja mganga, na mbuzi mweusi asiye na doa analazwa kichwa kikielekea ziwani, wala si kibla. Damu kidogo ilipakwa kwenye omo, yaani mbele ya kila boti, iliyobaki ikamwagwa majini, mzee akizungumza na hao aliowaita wenye ziwa, awaombe wafungue mkono na wasidai mtu.

Baba alikuwa mtu wa swala tano. Kisu alishika yeye, na Bismillah aliitoa kwa sauti ya juu.

Ile Bismillah ndiyo iliyonifunga macho miaka yote. Nilijiambia: jina la Mwenyezi Mungu limetajwa, nyama tumekula na majirani, kosa liko wapi? Baba alipofariki nikarithi boti, nikarithi na mbuzi wake. Nilirithi pia hirizi iliyofungwa kwa uzi mweusi chini ya ubao wa omo, ngumu kama kokwa la embe kwa moshi na mafuta ya samaki.

Kilichonivunja ni usiku mmoja wa kiangazi. Upepo wa kusi ulitushukia tukiwa mbali, taa za Kigoma hatuzioni. Wimbi la tatu lilizima taa zetu zote, wavu ukavutia boti upande, maji yakafika magotini. Tulikuwa watu sita. Nilisikia kila mmoja kwa sauti yake: "Yaa Allah! Yaa Rabbi, tuokoe!" Hata kijana wetu mmoja ambaye sikuwahi kumwona msikitini alikuwa anapiga shahada. Hakuna aliyemwita mganga. Hakuna aliyekumbuka wenye ziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya ile hirizi na mkono wangu haukuigusa.

Alfajiri tukafika nchi kavu tukiwa wazima. Nguo hazijakauka, mzee wetu wa tanga akasema, "Bosi, tumsogezee yule mzee jogoo, inaonekana mbuzi wa safari hii hakupokelewa." Nikatoa pesa. Nilitoa mwenyewe, kwa mkono huu.

Ramadhani iliyofuata nilikaa kwenye darsa la tafsiri baada ya Alasiri, msikiti mmoja wa Ujiji, na sheikh akafika Surat Al-Ankabut aya ya 65. Maana yake ni hii: wanapopanda jahazi humwomba Mwenyezi Mungu peke yake kwa ikhlasi, na anapowaokoa wakafika nchi kavu, mara wanamshirikisha. Nilihisi masikio yanachemka. Aya ilishuka kuhusu washirikina wa Makka, lakini ilikuwa inasimulia usiku wangu na asubuhi yangu, mpaka jogoo.

Ndugu yangu unayesoma, kama kwenu pia iko desturi ya namna hii, iwe ya ziwani, ya shambani, ya kaburi la babu au ya mti, elewa kwanza jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa. Washirikina wa Makka hawakuwa wakikanusha kuwa Mungu yupo. Sura hiyohiyo, aya ya 61, inasema ukiwauliza nani kaumba mbingu na ardhi watajibu ni Allah. Na kisingizio chao kimetajwa katika Surat Az-Zumar aya ya 3: hatuwaabudu hawa ila watusogeze karibu na Mwenyezi Mungu. Sasa sikiliza sisi tunavyosema: "Mzee ni njia tu, mpaji ni Mungu." Ni maneno yaleyale. Tauhidi haikomei kwenye kujua kuwa Muumba ni mmoja. Ni kwamba dua, nadhiri, kuchinja kwa kujikurubisha, na ile hofu ya moyoni kuwa fulani asipopewa chake atakudhuru kwa namna isiyoonekana, vyote hivyo apewe Yeye peke yake. Kila rakaa tunasema Wewe tu tunakuabudu na Wewe tu tunakuomba msaada, kisha tunatoka msikitini kwenda kumlaza mbuzi.

Nilimfuata sheikh faragha nikamuuliza habari ya Bismillah. Akanisomea Al-An'am 162, kwamba swala yangu, kuchinja kwangu, uhai wangu na kufa kwangu ni kwa Mwenyezi Mungu, na hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Ali (r.a.) kuwa Mwenyezi Mungu amemlaani anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Ulimi ukitaja jina Lake huku moyo unampelekea damu mwingine, lile tamko halimhalalishi mbuzi, na nyama yake hailiwi. Akanitenganishia hapohapo, na ni vizuri ulijue hili usije ukaanza kuharamisha kila kitu: kumchinjia mgeni, harusi, akika ya mtoto, sadaka, hakuna neno, kwa sababu unataka kulisha watu na damu hukusudii kumpelekea yeyote.

Nikamuuliza la pili, ambalo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Baba je? Maana An-Nisa 48 inasema Mwenyezi Mungu hasamehi kushirikishwa. Sheikh alikaa kimya kidogo, akanisimulia masahaba waliokuwa wageni katika Uislamu, wakielekea Hunayn mwaka wa 8 wa Hijra, walipopita penye mkunazi ambao washirikina walitundika silaha zao wakitaka baraka. Wakasema, tuwekee na sisi wetu. Mtume (s.a.w.) akawaambia mmesema kama Bani Israili walivyomwambia Musa, tufanyie mungu kama wao walivyo na miungu. Aliwakemea na kuwafundisha, lakini hakuwatoa katika dini, kwa kuwa walikuwa hawajajua. Tendo linaitwa jina lake, shirki. Mtu aliyelitenda kwa kutojua, hukumu yake si ya mimi na wewe kuitangaza barazani. "Baba yako yuko kwa Mola wake," aliniambia. "Wewe boti iko mkononi mwako."

Basi nikaenda kuikata hirizi. Nilikosea namna ya kuifanya, na hapa ndipo ushauri wangu ulipo hasa. Niliikata mbele ya wavuvi, kwa hasira, nikaitupa mchangani, nikawaambia wote ni washirikina. Jioni hiyo hakuna aliyepanda boti. Nikiwa nyumbani mama alinitazama akasema, "Mwanangu, umemtukana baba yako mbele za watu." Alilia. Ukweli niliokuwa nao haukunipa ruhusa ya kuusema vile.

Ilibidi nianze upya, kwa mama kwanza. Sikubishana naye. Nilikaa jikoni akichambua dagaa, nikamwomba radhi, nikamuuliza alichokuwa anaogopa usiku baba alipokuwa ziwani. Alizungumza mpaka maji ya ugali yakakauka. Ilikuwa hofu tupu, mama wa watu, mume na watoto majini na hana la kufanya. Ukimnyang'anya mtu wa namna hiyo hirizi ukamwacha mikono mitupu, ataifuata nyingine kesho. Kwa hiyo nilimpa alichotupa Mtume (s.a.w.): Ayatul Kursi, sura za Kul Huwallahu na Kul A'udhu mbili asubuhi na jioni, na ile dua ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya alivyoviumba. Mama hakujua kusoma, tukawa tunarudia pamoja simu ikiwa kwenye spika, mimi mwaloni, yeye nyumbani.

Kwa wavuvi niliwaambia sitampeleka mtu mahali ambapo mimi siendi. Nikapanda nao kila usiku wa giza lile. Kabla ya kusukuma boti tulisema maneno ya Nuhu yaliyo katika Surat Hud, Bismillahi majraaha wa mursaaha. Pesa ya mbuzi na ya mganga nilinunulia jaketi za kuokolea watu wote sita, na tukaanza kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka, maana Mtume alisema mfunge ngamia kisha utegemee. Sitakudanganya kuwa dagaa walijaa. Wiki ya kwanza tulirudi na ndoo chache, na maneno mwaloni yalikuwa mengi. Usiahidi watu mavuno ukiwaita kwenye tauhidi, kwa sababu siku wavu ukitoka mtupu utakuwa umewapa sababu ya kurudi kwa mganga.

Mama alitaka mbuzi aendelee kuchinjwa, ila sasa kwa ajili ya Allah. Nikakubali, lakini si pale ufukweni. Kuna hadithi ya Abu Dawud ya mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume aliuliza kwanza: palikuwa na sanamu la kijahilia likiabudiwa pale? Palikuwa na sikukuu yao? Alipoambiwa hapana, ndipo akamruhusu atimize. Tukachinja nyumbani Ujiji, wakala watoto wa madrasa, na hakuna tone lililofika ziwani.

Mzee wa tanga ndiye aliyebaki. Alipanda nasi, akasema dua nasi, lakini kiunoni alikuwa na yake, na sikumgusa. Kuhusu hirizi yenye Kurani tupu wanazuoni wamekhitalifiana tangu zama za masahaba, nikamwambia hivyo hivyo bila kumficha, na kwamba kuiacha ndiyo salama. Ulipita karibu mwaka. Asubuhi moja tukianika dagaa, akanisogezea kitu kwenye kiganja. "Fungua wewe, bosi, uone kama ni Kurani." Nikaichana kwa kisu cha nyavu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ina vyumba vidogo vidogo vyenye tarakimu, na pembeni majina manne ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kiberiti ninacho.